Pampu zigawiwe baada ya maji kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wakulima wa Magarini tunalizungumza chini kwa chini tu, nalo ni chumvi inayozidi katika mashamba ya kumwagilia.

Apitaye Gongoni huona jinsi chumvi inavyopatikana: maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Shamba linalonyweshwa bila mfereji wa kutolea maji ni bwawa la namna hiyo hiyo, ila kazi yake huenda polepole. Hata maji tuyaitayo matamu yana chumvi. Yakiwa na nusu gramu kwa lita, ekari ya mahindi inayonyweshwa mita za ujazo 2,000 kwa msimu huachiwa tani nzima. Penye mvua nyingi chumvi hiyo huoshwa ikashuka chini. Kadiri uendavyo bara kuelekea Galana, mvua hupungua lakini jua halipungui.

Msimu uliopita sukumawiki yangu iliungua kingo za majani, ikawa inanyauka mchana ilhali udongo umelowa. Muuza pembejeo mmoja aliniuzia mbolea zaidi, ambayo nayo ni chumvi, nami nikazidisha maji. Haukupita muda matuta yakafanya utando mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi, na sikuhitaji maabara. Chumvi huizuia mizizi kufyonza maji, hivyo mmea hushikwa na kiu ungali majini. Kisima changu nacho, kilicho karibu na pwani, kilitoa maji ya kunyweka asubuhi. Pampu ikishinda ikivuta, ya jioni hayatiwi mdomoni.

Ombi langu kwa idara za kilimo ni kwamba kabla ya kugawa pampu na mabomba, maji ya kila kisima na udongo wa kila shamba vipimwe. Mahindi huanza kupunguza mavuno udongo ukifika desisimensi 1.7 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme), kabla ya kile kiwango cha 4 ambacho wataalamu hukihesabu kuwa ardhi ya chumvi, kwa hiyo anayengoja kuona weupe amekwisha kula hasara. Mifereji ya kutolea maji nayo ichimbwe pamoja na ile ya kuyaleta, kwa maana kuosha chumvi pasipo pa kutokea ni kuipandisha tena.

Matuta yangu mawili nimeyaacha wazi yangoje masika.

Mkulima,
Magarini, Malindi