Kabla hujafunga helpa kwenye pikapu yako

Pikapu ikilala nyuma, jibu la haraka mjini kwetu Mombasa ni moja: ongeza springi ya kusaidia, yaani helpa. Anayepakia simenti Shimanzi akaipeleka Mtwapa, anayetoa viazi Kongowea alfajiri, anayevusha mbao Likoni kwenda Ukunda, wote huja na ombi hilo hilo. Nasi mafundi humuuliza kila mmoja: gari lako hubeba mzigo kila siku, au siku moja moja? Jibu lako hapo ndilo linaloamua helpa ya kufunga, hata kabla ya bei.

Lakini kwanza tunaingia chini ya gari. Springi ya nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na hewa ya chumvi ya Pwani huyala mahali usipopaona, katikati ya bamba na bamba, na kutu ikishachimba chuma, ufa hauko mbali. Tunapiga brashi ya waya, tunaangalia kuzunguka tundu la bolti ya katikati na kwenye macho ya bamba kuu, tunatikisa bushi zilizomo ndani ya macho hayo. Springi iliyopoteza mkunjo wake ukiifungia helpa, helpa ndiyo itakayobeba gari zima, hata likiwa tupu. Utasafiri kwa kurushwarushwa, na baada ya muda utarudi na bamba lililokatika. Mteja wa namna hiyo tunamwambia wazi kwamba anachohitaji ni springi mpya, ingawa bei yake ni kubwa kuliko aliyoijia.

Springi zikiwa nzima, sasa tunaweza kuongea. Liko bamba la kuongezwa katikati ya mengine: hilo hufanya kazi saa zote, kwa hiyo hunyanyua gari na kulifanya gumu hata usipobeba kitu. Linamfaa mwenye tangi la maji la lita 1,000 nyuma, maana hiyo ni tani nzima ya maji pekee, na iko pale asubuhi hadi jioni. Halafu iko helpa hasa, bamba nene lililokaribia kunyooka, linalokaa chini ya mengine na kuacha nafasi kwenye ncha zake. Gari likiwa tupu halina shughuli. Mzigo ukiingia, mabamba ya juu hunyooka mpaka yakalikuta, na hapo ndipo linapoanza kusaidia. Kwa mtu anayekwenda na mzigo na kurudi mtupu, na hao ndio wateja wetu wengi, sisi tunapendekeza hili bila kusita.

Chaguo la tatu, mifuko ya hewa inayofungwa kati ya ekseli na chasisi, ina sifa yake nzuri: unaongeza upepo siku ya mzigo na kuupunguza siku ya mapumziko. Ila ielewe inavyofanya kazi. Springi ya kawaida hushika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na uzito hugawanyika hapo. Mfuko husukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Pikapu ya milango minne iliyojazwa mzigo mzito unaotokeza nyuma ya magurudumu, ikipita kwenye mashimo mfululizo, inaweza kukunjika chasisi. Kwa kubeba mawe ya kuchonga kutoka machimboni, hatuipendekezi hata kidogo.

Tunalolipinga zaidi ni lile bamba la lori kuukuu linalokatwa kwa moto wa gesi na kutobolewa kwa moto huo huo. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa kipimo ili kikikunjwa kirudi. Ukikichoma tena unakiua pale pale penye tundu, na ndipo kitakapokatikia. Tundu hutobolewa kwa keekee, na springi haichomelewi. Unene nao una hesabu yake: bamba lenye unene mara mbili ya jingine, upana na urefu vikiwa sawa, huwa gumu mara nane. Kwa hiyo hilo la lori halisaidiani na wenzake. Linabeba peke yake, na kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja hadi kwenye chasisi.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni la breki. Pikapu nyingi zina vali nyuma, yenye mkono mdogo wa chuma unaounganisha ekseli na chasisi. Gari likishuka kwa mzigo, mkono unasogea na vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Sasa wewe umefunga helpa, gari halishuki tena kama zamani. Vali inadhani huna mzigo, inazipunguzia nguvu breki za nyuma, na kazi yote inakwenda mbele. Teremka Mazeras ukiwa umejaza, uone usimamaji unavyorefuka. Kila tukifunga helpa tunaurekebisha mkono huo, na ukifungiwa kwingine, tafadhali uliza kama umeguswa.

Pia helpa haikuongezei ruhusa ya kubeba. Uzito wa jumla wa gari umeandikwa na kiwanda, na unahusu ekseli, beringi, breki na chasisi. Pikapu iliyosimama sawa inaweza kuwa imezidisha vilevile. Mifuko 20 ya simenti ya kilo 50 ni tani moja. Hesabu kabla ya kupakia, kisha ujumlishe dereva na utingo wake. Tazama na tairi: namba ya uzito ubavuni ikiwa 100, tairi hilo linabeba kilo 800, ikiwa 112 ni kilo 1,120. Tumeona pikapu zenye helpa nzuri juu ya tairi za gari dogo, na hapo tunakataa kuendelea mpaka tairi zibadilishwe.

Ukitaka kuja, fanya kipimo hiki kwanza. Simamisha gari tupu mahali palipo sawa, upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, pande zote mbili. Pakia mzigo wako wa kawaida, upime tena. Nyuma ikishuka na mbele ikipanda, usukani huwa mwepesi na taa zako huwachoma macho wanaokuja. Vipimo hivyo vinatusaidia kuliko maelezo marefu. Upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, tuambie mapema, maana huenda kuna bamba lililokatika.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, tunaweka mpya, hatuzirudishi za zamani, kwa sababu zikishavutwa mara moja zimerefuka. Baada ya kilomita 500 hivi rudi tuzikaze tena, ni bure. Ukiweza, njoo na mzigo juu.