Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku, Dodoma

Dada yetu wa wodi ya wagonjwa mahututi, jina hatulitaji lakini utajijua. Asante kwa kuilinda mikono na miguu ya wagonjwa wa nimonia kali.

Mgonjwa kama huyo akiwa kwenye mashine ya kupumulia mara nyingi hulazwa kifudifudi saa 16 au zaidi ili mapafu yapate hewa. Dawa za usingizi zimemlevya, hawezi kusema mkono umekufa ganzi. Mshipa wa fahamu ukibanwa kwenye mfupa unakosa damu, na akizinduka kiganja hakina nguvu au mguu unaning'inia. Wewe kila baada ya saa 2 uligeuza kichwa na kubadilisha mikono: mmoja juu, upande anaotazama, mwingine chini ubavuni. Bega halikupita nyuzi 90, wala kiwiko hakikugusa chuma cha kitanda. Miundi uliiwekea mto. Hata aliporudishwa chali ulizuia mguu usilalie nje, maana pembeni chini ya goti mshipa wa fahamu umepita juu juu kabisa, na hapo wengi hupasahau!

Alipoamka ulimwambia ainue nyayo, atanue vidole vya mikono, ukaandika kila upande peke yake. Udhaifu wa pande zote sawasawa mara nyingi ni wa ugonjwa mkali wenyewe. Wa upande mmoja hutufanya tushuku mgandamizo. Sisi wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) tulianzia kwenye maandishi yako. Mungu akubariki, dada.