Lami inakuja Saadani, kasa na twiga wasisahaulike

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni kuhusu Saadani, maana nimetoka huko juzi na wanangu na mpaka leo akili haijarudi Dar.

Kila ninayemwambia nilikuwa mbugani ananiuliza Mikumi au Serengeti, nikisema Saadani anauliza ndo wapi hiyo. Jamani ni hapo tu ukishapita Bagamoyo unaelekea Pangani! Asubuhi umemwona twiga, jioni unakanyaga mchanga wa Bahari ya Hindi, na bado uko ndani ya hifadhi ileile. Tulipanda boti mto Wami, viboko wamejaa, mamba kajilaza tope kama gogo, pembeni mikoko na juu ya miti mbega wanaruka, na kitindamimba wangu ana miaka sita, ni mtoto wa kupiga kelele kutwa nzima, siku hiyo hakuna aliyemkataza ila alianza kunong'ona mwenyewe. Nilishikwa na machozi kwa kweli. Huku mtaani kwetu hajawahi kukutana na ukimya wa namna ile.

Sasa kilichonifanya niandike. Ufukwe wa Madete kasa wanapanda usiku kutaga, mama anachimba shimo, anaacha mayai mia na zaidi anarudi baharini, baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka usiku na kukimbilia kwenye mwanga, na kwa kawaida mwanga huo ni bahari. Ukiwasha taa kali nchi kavu vinageuka vinakuja huku, vinaliwa na kaa au vinakufa jua likitoka. Nilikuwa nimeshayajua haya, halafu usiku ule ule nikaona kundi la wageni wenzetu wamepaki gari ufukweni taa zote zinawaka, spika kubwa nyuma ya buti, na asubuhi chupa za plastiki zimebaki palepale. Niliumia sana. Sidhani walikuwa na roho mbaya, ila hakuna aliyewaambia.

Na hao ni gari moja tu, itakuwaje lami ikikamilika? Ile barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga inapita ndani ya hifadhi. Sisemi isije, hapana. Wanakijiji wa Saadani walikuwepo kabla hifadhi haijatangazwa, hicho ni kijiji cha Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889, wana haki ya kumfikisha mgonjwa hospitali na kupeleka kamba wao sokoni kabla hawajaharibika. Barabara wapewe. Lakini tumeshaona Mikumi, barabara kuu imekatiza mbuga, vibao vya faini kwa kila mnyama vimewekwa na bado wanyama wanagongwa, basi linapita kwa spidi kali usiku na swala hajui cha indiketa wala honi.

Kwahiyo naomba TANAPA, wasimamizi wa hifadhi, na wenzao wa barabara matuta yawekwe tangu siku ya kwanza kwenye kile kipande cha hifadhini, tusisubiri mpaka tumehesabu mizoga ndo tuanze vikao. Usiku magari makubwa yapite njia ya Chalinze kama yanavyopita sasa. Na pale getini, ukilipa kiingilio, askari akwambie kwa mdomo wake habari ya taa, muziki na taka, sio karatasi ambayo hakuna anayeisoma, dakika mbili zinatosha. Wale vijana wangeambiwa naamini wangezima taa.

Na nyie wasomaji nendeni, nendeni na watoto, msiwaachie wazungu peke yao. Mimi nikijaliwa Desemba narudi, safari hii na mama yangu, tangu azaliwe Tanga hajawahi kumwona tembo. Ila nguo nyeusi na za bluu acheni nyumbani, ndorobo wanazipenda hizo rangi, na wakikung'ata utaruka.

Mama wa wawili,
Tegeta, Dar es Salaam