Mjomba, mfenesi ule usiuze kwanza

Mjomba, shikamoo.

Mama amenipigia juzi kwamba umeshapatana na mtu wa mkaa juu ya ule mfenesi wa uani Muheza. Nikikupigia simu utanikatiza kabla sijafika popote, kwa hiyo nakuandikia, tena hadharani, usije ukasema hukuipata. Binti yako atakusomea.

Unakumbuka mwaka jana nilikwenda Vietnam kwa shughuli za korosho. Kazi ilipokwisha zikabaki siku mbili, nikaenda Hội An, mji wa kale wa bandari uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 1999. Nilikwenda kutalii, nikaishia kutazama dari mpaka shingo ikauma. Nikawa najiambia, mjomba na useremala wake angekuwepo hapa wasingemtoa.

Nguzo zao hazifukiwi ardhini. Kila moja imeketi juu ya jiwe lililochongwa, unyevu wa udongo hauipandi, na mchwa akitaka kupanda lazima apite mahali anapoonekana. Kiunzi chote hakina msumari: mti mmoja huchongwa ulimi, mwingine hutobolewa tundu, vikakazwa kwa kigingi. Utaniambia milango yetu ya pwani nayo hufanywa hivyo. Kweli, lakini huku ni nyumba nzima! Zile za mji wa Huế wanazoziita nhà rường hufunguliwa kipande kwa kipande, zikahamishwa na kusimamishwa kijiji kingine.

Kilichonifurahisha zaidi ni mwanzi. Fundi mkuu wa zamani alikuwa akipasua mwanzi mrefu, akauchora vipimo vyote vya nyumba, kimo cha nguzo, urefu wa boriti, kila kitu. Nyumba ikiisha, mwanzi huo huachwa juu, chini ya paa, uwe wa mwenye nyumba. Mjukuu akitaka kubadili nguzo, kipimo kipo. Wewe vyako vyote viko kichwani, na kichwa chenyewe siku hizi kinasahau hata miwani.

Na usidhani wanakaa pakavu. Mto Thu Bồn unaopita Hội An hufurika na kuingia ndani ya nyumba. Zipo nyumba za wafanyabiashara zenye uwazi kwenye sakafu ya juu: maji yakija, mali huvutwa kwa kamba na kapi hadi ghorofani, yakipungua hushushwa, watu wakafagia matope. Kuta za saruji zisingenishangaza, lakini mbao?

Sasa tuje kwenye mfenesi. Kule fenesi huliwa kama kwetu, ila shina ndilo lenye heshima. Sanamu za Buddha, madhabahu ya mizimu ya nyumbani, hata ile ngoma ya mti inayogongwa wakati wa sala, vingi huchongwa kwa mfenesi. Mbao yake ni njano, si nzito sana, haipasuki ovyo, na wadudu hawaipendi. Ikizeeka hugeuka rangi ya kahawia iliyoiva. Katika kijiji cha Lộc Yên, kwenye uliokuwa mkoa wa Quảng Nam hadi 2025, zipo nyumba za mfenesi zilizopita miaka 100. Wewe unataka kuutia kwenye tanuri la mkaa.

Hata mti dhaifu hawautupi. Kuna mmoja wauitao xoan, wa ukoo wa mwarobaini. Huuzamisha kwenye bwawa miezi mingi mpaka utomvu utoke, unanuka vibaya mno, kisha huukausha na kujengea. Haubunguliwi tena.

Nisikudanganye kwamba wote ni malaika. Mti wanaouenzi sana ni lim, mgumu kama chuma, wa nguzo za mahekalu. Walishakaribia kuumaliza kwao. Mwaka 2016 serikali yao ikafunga misitu ya asili isivunwe, jambo la kusifiwa, na samani nyingi za kuuza nje wanazitengeneza kwa akasia ya kupandwa na kwa miti ya mpira iliyozeeka isiyotoa tena utomvu. Lakini hamu ya lim haikufungwa. Sasa magogo ya namna hiyo hutoka Afrika, hasa Kameruni, na ukoo wake ni ule ule wa mwavi wetu, ambao watuhumiwa wa uchawi walikuwa wakinyweshwa. Msitu wao unapumua, wa Kameruni unalipa. Hilo lilinikera, na bado linanikera.

Ndiyo maana nauliza habari za mti mmoja tu, ulioupanda mwenyewe, usio wa msitu wa mtu. Fedha za mtu wa mkaa nitakurudishia mimi. Uzungushie shina kamba usawa wa kifua, uniambie ni pima ngapi. Kisha mwulize yule kijana wa msumeno wa mbao anatoza kiasi gani kuja uani. Randa yako naamini haijaliwa na kutu.