Pylades alinyamazishwa kwa makusudi

Mhariri,

Nimeusoma ukurasa wenu wa sanaa miaka mingi bila kuandika neno. Lakini taarifa ile ya kikundi kilichoigiza tamthilia ya pili ya Oresteia, zile tamthilia tatu za Mgiriki Aeschylus zinazofuatana, imenishinda. Mwandishi wenu anawasifu kwa kugawa mistari kwa haki, eti kila mwigizaji apate cha kusema. Haki ya nani?

Aeschylus, tamthilia hiyo ilipochezwa Athens mwaka 458 KK, alimwingiza Pylades jukwaani tangu mwanzo pamoja na rafiki yake Orestes, anayerudi kumuua mama yake kwa kuwa alimuua baba yake, kisha akamfunga Pylades mdomo. Mistari karibu 900 inapita hajatamka kitu. Mtazamaji anamhesabu bubu, msindikizaji tu; na waigizaji wenye kusema walikuwa watatu, kwa hiyo hakuna aliyetarajia sauti ya nne. Mara mtumishi anapiga kelele, anaondoka, na wachambuzi wa kale walishaeleza kwamba ndiye anayebadili kinyago upesi na kurudi akiwa Pylades. Orestes yuko mbele ya mama yake, Clytemnestra, anasita, anauliza afanye nini. Pylades anajibu mistari mitatu: agizo la mungu Apollo litakuwaje, viapo je, na heri kuwa adui wa watu wote kuliko wa miungu. Basi. Hasemi tena, na Clytemnestra amekwisha. Sasa, usiku ule Pylades wao alikuwa ameshasalimu, ameshamfariji Electra, dada yake Orestes, ameshatoa maoni yake kaburini kwa baba yao. Swali lilipomfikia akajibu kama mtu aliyeulizwa saa. Nyuma yangu mtu akapiga miayo, wala simlaumu.

Na hayo majibizano ya mama na mwana, mstari mmoja kwa mmoja! Jibu linatakiwa kudaka mkia wa mstari uliotangulia kabla haujapoa. Wao walikuwa wakivuta pumzi, wanatembea hatua mbili, ndipo wanajibu. Korasi, lile kundi linaloimba na kusema kwa pamoja, ndiyo usiseme: vinywa kumi na viwili, kila kimoja na mwendo wake, tukaambulia irabu.

Mwongozaji ajaye amkabidhi Pylades karatasi moja yenye mistari mitatu, amlipe sawa na Orestes, na amkataze hata kukohoa mpaka mstari wa 900. Akilalamika kwamba hana kazi, apewe korasi nzima aifundishe kuanza pamoja.

Msomaji wenu wa siku nyingi