Kwenye misitu ya Mediterania, ukavu ndio unaoangusha

Mhariri,

Makala yenu kuhusu baiskeli za milimani katika misitu ya Mediterania imewashauri wasomaji waende Julai au Agosti, kwa hoja kwamba miezi hiyo njia ni kavu. Naomba nafasi nipinge. Anayeshika ushauri huo huenda akapata hasara mara mbili: akute msitu umefungwa, na akipata ulio wazi, ukavu aliosifiwa ndio umwangushe.

Nianze na kufungwa, maana hilo ni jepesi kulieleza. Katika mkoa wa Bouches-du-Rhône, kusini mwa Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba ruhusa ya kuingia msituni hutegemea hatari ya moto ya siku hiyo. Ramani ya kesho hutolewa jioni ya leo, na upepo wa mistral ukivuma juu ya ukame, milima mizima hufungwa kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli sawia. Huwezi basi kukaa mwezi mmoja kabla ukapanga kwamba Jumanne ni zamu ya mlima fulani. Habari za Jumanne utazijua Jumatatu jioni. Collserola, hifadhi iliyo mgongoni mwa Barcelona, ina masharti ya mwaka mzima: baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia zenye upana unaozidi mita 3 tu, na mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Vijia vyembamba, ambavyo ndivyo hasa vinavyowavuta wageni, vimeachiwa waendao kwa miguu.

Sasa ardhi yenyewe. Vilima vingi vya Provence, na vile vilivyo nyuma ya mji wa Finale Ligure nchini Italia, ni mawe ya chokaa yenye udongo mwekundu wa mfinyanzi uliojazana kwenye nyufa. Udongo huo ukipata mvua ya kiasi hushikamana, na tairi huuma. Ukikaa wiki kadhaa juani bila tone, tabaka la juu huwa vumbi, chini yake huwa pagumu kama sakafu, na katikati hubaki changarawe zinazobingirika kama goroli. Tairi halishiki udongo tena. Limebebwa na goroli. Juu yake misonobari huangusha majani yake yaliyo kama sindano, nayo yakilala unene wa vidole viwili huficha mzizi na jiwe. Chini ya mialoni, msimu wa vuli, ni zile mbegu zake ngumu, ambazo kwenye kona hazina tofauti na changarawe. Milima ya Maures, katika mkoa wa Var kusini mwa Ufaransa, si ya chokaa, na huko mialoni ya kizibo imeota kwenye miamba ya bapabapa inayomeguka. Ni ardhi nyingine kabisa, ila ikikauka tabia ni ile ile.

Finale inaonyesha jambo hili vizuri kuliko pengine popote. Wengi hupandishwa kwa gari hadi karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye msitu wa miti mirefu yenye kivuli, ambako udongo ni mweusi na una unyevu hata pale pwani inapoungua. Mteremko huohuo ukikaribia bahari unaingia kwenye mialoni, kisha kwenye jiwe tupu na vichaka. Mwendeshaji amezoea mshiko wa juu, amejenga imani na mwendo, halafu anafika kona ya changarawe akiwa na mwendo wa udongo mweusi. Rangi ya njia inapogeuka kutoka kahawia kuwa nyekundu au nyeupe, punguza kabla hujaambiwa na tairi.

Kona ya namna hiyo ina utaratibu wake. Breki zote mbili zifanye kazi baiskeli ikiwa wima, kabla ya kufika penye changarawe. Ukishaanza kuilaza, achia ya mbele, kwa sababu gurudumu la mbele haliwezi kugeuka na kusimama kwa wakati mmoja juu ya goroli. Pedeli ya upande wa nje ishuke chini na uzito wako uwe juu yake. Laza baiskeli, mwili ubaki umesimama zaidi. Wanaoanguka hapa mara nyingi ni wale wanaorudisha makalio nyuma kwa hofu: gurudumu la mbele hukosa uzito, hukosa mshiko, na huteleza kwenda nje.

Kuhusu tairi, makala ilisema jaza upepo wa kutosha ili kuepuka pancha. Ushauri huo ni wa barabara ya lami. Tairi lililojaa sana hurukaruka juu ya mawe na kupoteza mshiko. Lililolegea kupita kiasi nalo hukubali jiwe lipige rimu hadi ipinde. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi zisizo na tyubu za inchi 29 kwa 2.4, anzia psi (kipimo cha upepo wa tairi) 22 mbele na 25 nyuma, halafu ongeza au punguza moja moja. Nyuma huzidi kwa sababu ndiko uzito uliko na ndiko mawe hugonga zaidi. Chagua tairi lenye kuta nene. Jiwe la chokaa likimeguka hubaki na makali kama wembe, na ukuta mwembamba huchanika kwa upande, mahali ambapo maji ya kuziba pancha hayafui dafu.

Maji hayo ndiyo yanayosahaulika. Tairi la ukubwa niliotaja linahitaji takriban mililita 100 hadi 120, na joto la kiangazi huyakausha upesi; kagua kila baada ya miezi miwili. Zungusha gurudumu valvu iwe juu, toa upepo, fungua kiini cha valvu, kisha lizungushe valvu iwe chini na usubiri maji yatulie. Ingiza mkanda mwembamba wa plastiki kupitia valvu mpaka uguse tairi. Ukitoka umelowa sentimita moja hivi, endelea na safari. Ukitoka mkavu au na uzi wa mpira, hakuna kitu humo.

Na hapa kuna mtego mmoja unaowatesa hata wazoefu. Vichaka vya huko vina miiba mifupi, migumu, nayo hukaa kwenye tairi miezi kadhaa bila mtu kujua, kwa kuwa maji yameziba kila tundu. Siku tairi linapochanika upande, unaweka kiraka cha kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, unaingiza tyubu, unajaza upepo, na baada ya mita 200 uko chini tena. Ile miiba ya zamani imeitoboa tyubu. Kabla ya kuingiza tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi duara zima, polepole. Kitakaponasa, hapo pana mwiba, ng'oa. Msipitishe kidole kitupu, mtajuta.

Breki. Miteremko ya huko ni mirefu na ya mawe, na kosa la kawaida ni kuzifinya kidogo kidogo tangu juu hadi chini. Joto halipati nafasi ya kutoka, uso wa pedi unang'aa kama kioo, breki zinalia na mkono wa breki unaanza kukaribia usukani. Finya kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, ruhusu upepo upooze diski. Diski ya milimita 200 mbele na 180 nyuma inatosha watu wengi. Pedi za chuma hustahimili joto kuliko za resini, ingawa zina kelele. Soma maandishi kwenye diski kwanza, maana baadhi hazikubali pedi za chuma. Pedi mpya zifundishwe: fikisha kilomita 25 kwa saa, punguza hadi mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, rudia mara 20. Zikibaki na unene wa karibu milimita 1, badilisha. Zikishaingia mafuta, tupa.

Vumbi nalo halina huruma. Kwenye mnyororo tumia nta au mafuta makavu, kwani mafuta mazito hukusanya vumbi na kugeuka msasa. Futa mihuri ya foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) kwa kitambaa kila urudipo, na usielekeze maji ya presha hapo wala kwenye bearingi, kwa sababu yanasukuma uchafu ndani. Giya nyepesi zinahitajika kweli: meno 30 au 32 mbele na kaseti (seti ya giya za nyuma) inayofika meno 51. Kupanda kwenye changarawe ukiwa umesimama juu ya pedeli hufanya gurudumu la nyuma lizunguke bure, hivyo itabidi ukae kwenye kiti, usogee kwenye ncha yake, na uzungushe taratibu.

Maji ya kunywa: hesabu hadi lita 1 kwa saa siku ya joto, na msitegemee vijito. Jiwe la chokaa hunywa mvua yote na kuipitisha chini kwa chini, kwa hiyo bonde lenye kijito kwenye ramani mara nyingi ni kokoto tupu.

Palipoungua pana hatari zake. Agosti 2021 moto uliunguza karibu hekta 7,000 za Maures na uwanda wake. Baada ya moto kama huo mizizi huwa imeteketea chini kwa chini na kuacha mashimo, na miti iliyokufa huanguka bila upepo wa maana. Sehemu ikiwekewa kizuizi, msikizunguke.

Wakati wa kwenda basi ni kuanzia Oktoba hadi Mei, na siku nzuri kuliko zote ni ya pili au ya tatu baada ya mvua ya kawaida. Mvua za vuli zinazomwagika kwa saa chache kama zimepasua bomba ni habari nyingine. Udongo wa mfinyanzi hunata kwenye tairi hadi magurudumu yakwame, na anayelazimisha kupita huacha mfereji utakaochimbwa na mvua inayofuata. Kuna wawindaji wa nguruwe mwitu pia, hadi mwishoni mwa majira ya baridi. Mkiona vibao vyao vya muda njiani, geuzeni, na siku zote vaeni rangi kali. Kuanzia Februari viwavi wa misonobari hushuka kutoka kwenye viota vyao vyeupe kama pamba, wakifuatana mkia kwa kichwa hadi ardhini. Manyoya yao huwasha ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo baiskeli msiiegemeze wala msipumzike chini ya mti wenye kiota. Akiumia mtu, namba ya dharura kote kwenye Umoja wa Ulaya ni 112.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi baiskeli