Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kikomo cha Data na Wajibu wa Watoa Huduma

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na orodha ya wanachama wapya Katibu ameshaibandika ubaoni. Nafasi yangu naomba niitumie kwa jambo lililotusumbua kuliko yote mwaka huu, nalo ni kikomo cha data, yaani kiwango cha matumizi ya intaneti ambacho mteja akikivuka hushushiwa kasi.

Ninyi wenye stesheneri mnajua hali inavyokuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapofika. Vijana hupanga foleni na vyeti mkononi, na kila cheti lazima kiskaniwe na kupakiwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kabla dirisha halijafungwa. Mwenzetu mmoja, aliyelipia huduma ya mwezi mzima iliyotangazwa kuwa haina kikomo, aliona kasi ikishuka katikati ya msimu huo hata mafaili yakagoma kupanda, akalazimika kununua bando la simu kwa fedha yake ili asiwarudishe watoto wa watu nyumbani. Alipouliza, alijibiwa kwamba amevuka kiwango cha matumizi ya haki, kiwango ambacho hakikuandikwa kwenye tangazo wala kwenye risiti. Kampuni hiyo siitaji, kwa kuwa malalamiko yake bado yanashughulikiwa.

Watoa huduma wana hoja yao, na ni haki tuipime. Uwezo wa mnara mmoja hugawanywa kwa wote wanaoutumia, na saa mbili usiku kila nyumba ikifungua video, wote hupungukiwa. Hata hivyo, kikomo cha mwezi hakitibu msongamano huo, maana kinahesabu wingi wa data bila kujali saa: anayepakua mafaili saa tisa usiku, wakati mnara hauna kazi, anahesabiwa sawasawa na anayepakua saa mbili. Ndiyo maana naamini kwamba kikomo cha namna hii kinahusu bei zaidi kuliko ufundi. Ushindani nao hautoshi kukirekebisha, kwa sababu ipo mitaa yetu iliyofikiwa na mkongo wa kampuni moja tu, na mteja wa huko hana pa kuhamia.

Wapo wanachama walioniambia kwamba serikali isiingilie kabisa, na yaliyotokea Aprili 2021 yanawapa sababu. Vifurushi vipya vilivyoanza tarehe 2 mwezi huo, kufuatia kanuni ndogo za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), vilizua kilio nchi nzima, na bei za awali zikarudishwa. Kilio kile kilikuwa halali, ila kilifunika masharti mazuri yaliyokuwamo, kama vile mteja kuarifiwa matumizi yake yanapofika asilimia 75 na asilimia 100. Kwangu mimi kupanga bei ni jambo moja, na kumlazimisha muuzaji aseme wazi anachouza ni jambo jingine, na hili la pili ndilo tunalolihitaji.

Afrika Kusini walianza na hilo la pili. Kanuni zilizoanza kutumika mwishoni mwa Februari 2019 ziliwataka watoa huduma wamjulishe mteja anapofikia nusu ya kifurushi, asilimia 80 na mwisho wake, wasimkate fedha nje ya kifurushi bila ridhaa yake, na wampe nafasi ya kusogeza mbele data iliyobaki. Bei ilifuata baadaye: Tume ya Ushindani ya huko ilitoa ripoti yake Desemba 2019, na kufikia Aprili 2020 Vodacom ilikuwa imeshusha GB moja ya siku 30 kutoka randi 149 hadi 99.

Kamati imeandaa barua kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Tunaomba neno «bila kikomo» lisitumike pasipo kutaja, kwenye tangazo lenyewe, kiasi cha data ambacho kasi itashushwa baada yake na kasi itakayobaki. Na mteja aliyeshushiwa kasi bila kuarifiwa arudishiwe sehemu ya malipo yake. Rasimu mtaisomewa leo mchana ili mpige kura. Kila mwenye risiti, tangazo alilolihifadhi au ujumbe wa mtoa huduma amkabidhi Katibu nakala kabla ya kuondoka, kwa kuwa barua isiyo na vielelezo itajibiwa kwa maneno matupu.